Ndiyo ya Kiingereza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini zitakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji ameacha kukupandisha ngazi kila saa kumtafutia miwani iliyo kichwani pake. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya vumbi la chaki, na viatu ulivyonipa bado vinanibana kidole kilekile, lakini navivaa hivyohivyo kwa kuwa nikivivaa natembea kama mwalimu.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa ajili ya habari za nyumbani na mara ya tatu kwa ajili ya lile swali ulilolibana chini ya sahihi yako, kwa herufi ndogo za mtu anayenong'ona. Usidhani sikuliona. Nitalifikia. Niache kwanza nikueleze mambo kwa utaratibu, maana barua yangu iliyopita ilikuwa ya juu juu tu: kwamba mafunzo yamekwisha, kwamba nimepewa kazi, kwamba yule binti wa hoteli ameangukia pua na karatasi ya somo niliyoitia sahihi mimi. Wewe unanijua. Nikieleza jambo juu juu, ujue kuna kitu nimekikalia.

Chuo chetu kiko ghorofani, juu ya karakana ya mafundi wa vioo. Fundi akikata kioo kikubwa, sote huku juu tunanyamaza na kukunja uso mpaka amalize, kisha somo linaendelea. Tulikuwa watu wanane, tunajifunza kufundisha Kiingereza kwa watu wazima ambao hawakukua nacho. Asubuhi tulifundishwa sisi, na saa kumi alasiri tuliwafundisha wao: muuguzi mmoja, dereva wa lori, fundi bomba, ndugu wawili wanaouza vitambaa, na mzee mstaafu ambaye kila kanuni anauliza nani aliyeiweka. Mkufunzi wetu alikaa nyuma na daftari lake. Tumempa jina la Mama Tena, kwa kuwa neno lake kubwa ni "Again". Ukikosea anasema "Again", ukipatia anasema "Again", ili upatie zaidi.

Unakumbuka nilivyofika pale. Miaka kumi na tisa nilipiga chapa barua za watu kwa Kiingereza, nikasahihisha makosa ya mabosi bila wao kujua, mpaka ofisi ikaamua kila bosi ajiandikie mwenyewe. Nikatoka na ua la plastiki na barua ya shukrani yenye makosa mawili. Kwa hiyo siku ya kwanza Mama Tena alipotuambia kwamba chuo kina nafasi moja ya kudumu, na kwamba mwisho wa mafunzo atapewa mmoja wetu, niliwahesabu wale saba kwa macho, nikawafuta mmoja mmoja, na akabaki mmoja ambaye hakufutika.

Huyo ndiye Mpokezi. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikaa miaka sita kwenye mapokezi ya hoteli, na Kiingereza chake alikiokota palepale kaunta, kwa masikio, bila kitabu. Ana miaka ishirini na minane, na sauti ya mtu anayekukabidhi ufunguo wa chumba kizuri kuliko ulichoomba. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo mbele ya watu, kwa heshima zote, akiinama kidogo, nami nikaitikia marahaba huku kila marahaba ikiniongezea mwaka.

Nitasema wazi, dada. Nilimwonea wivu kuanzia wiki ya kwanza, na haukuwa wivu wa kupita. Niliuonea wivu mwandiko wake ubaoni, ulionyooka bila mstari wakati wangu ulikuwa unapanda mlima. Nilimwonea wivu kwa yule dereva wa lori, mtu ambaye mimi alinijibu kwa kutikisa kichwa tu, lakini yeye alimsimulia safari nzima ya siku mbili kwa Kiingereza cha kuungaunga, mpaka tairi lililopasuka. Niliyaonea wivu hata makosa yake. Akikosea yeye, darasa linacheka naye. Nikikosea mimi, darasa linainamisha macho kama watoto waliomwona mama yao akijikwaa.

Mama Tena ana kanuni moja anayoisimamia kufa kupona, kwamba mwalimu haulizi "Mmeelewa?" Anasema mtu mzima ukimuuliza kama ameelewa atakwambia ndiyo, ilimradi asikuaibishe wala asijiaibishe. Muulize kitu ambacho jibu lake litaonyesha kama ameelewa au la. Mimi nikaiandika kanuni hiyo vizuri, nikaipigia mstari, na katika dakika arobaini za somo langu la kwanza nikauliza mara kumi na tisa kama wameelewa. Alizihesabu kwa vijiti daftarini, tano tano, kisha akanionyesha mbele ya wenzangu. Darasa liliitikia ndiyo mara zote kumi na tisa, na mwisho wa kipindi fundi bomba akaniuliza kwa upole somo lilikuwa linahusu nini.

Mpokezi alifundisha bila kuuliza hata mara moja. Alipoulizwa aliwezaje, akasema hotelini humuulizi mgeni kama ameelewa chumba kiko wapi, unamwambia akuonyeshe kwa kidole. Mama Tena akayaandika maneno hayo. Yangu aliyahesabu, yake aliyaandika. Siku hiyo nilishuka ngazi roho inaniuma, nikampita fundi wa vioo bila salamu, naye hajanikosea kitu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Wiki ya tisa tulikuwa mapumzikoni kwenye korido, maana ndani ya chumba ni Kiingereza tu, koridoni ndiko Kiswahili kinakoishi. Mpokezi akatusimulia kisa cha mgeni mmoja wa hoteli. Mgeni alishuka na masanduku yake, akauliza kwa Kiingereza kama teksi yake haijafika. Ilikuwa haijafika, naye akamjibu "Yes". Mgeni akashukuru, akabeba masanduku, akatoka nje na kusimama kwenye mvua. Tukacheka wote. Mpokezi akasema mpaka leo hajui yule bwana alikuwa na akili gani, anaambiwa teksi haijafika na bado anatoka.

Mimi nilicheka pamoja nao lakini kicheko kikakatikia njiani. Sisi mtu akituuliza "Hujala?" na kweli hatujala, tunajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sijala. Mwingereza haangalii ulivyosema, anaangalia chakula. Hujala ni "No", umekula ni "Yes", uulize utakavyouliza. Kwa hiyo yule mgeni aliambiwa teksi imefika, akatoka, na akili zake timamu. Hilo nimelijua miaka mingi kwa kupiga chapa barua za watu wasioelewana. Mpokezi, na masikio yake yote yale, alikuwa halijui. Nikaliweka moyoni kama mtu aliyeokota kifungo njiani, hajui atakishonea wapi.

Wiki mbili baadaye tukaokota mada za somo la mwisho, lile la kuamua kazi, kwenye vikaratasi ndani ya kopo. Mimi niliangukia kuuliza njia. Somo langu likapita, si la kusifiwa wala la kulaumiwa, na Mama Tena aliniambia kwamba najua mambo mengi lakini nasimama kama nimemeza rula. Mpokezi aliangukia majibu mafupi kwa maswali ya kukanusha. Unaona mambo hayo. Vikaratasi vinane ndani ya kopo, na yeye akaokota kile.

Utaratibu wa chuo ni kwamba andalio la somo lazima lisomwe kwanza na mwenzako, naye atie sahihi chini kuonyesha kwamba amelipitia. Alikuwa na watu saba wa kuchagua, akaniletea mimi. Alisema Kiingereza chake ni cha mdomo na changu ni cha kalamu, na kwamba jicho la mpiga chapa haliruki hata nukta. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, chini fundi anakata kioo. Nikaipitia karatasi yake ya zoezi, maswali kumi na majibu kumi, nikatia sahihi, nikamrudishia. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Siku ya somo alivaa koti lake la hotelini, limeng'olewa nembo. Alianza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akagawa karatasi. Swali la kwanza lilimuuliza mtu kama hajaoa, na jibu lililochapwa lilikuwa "Yes, I'm not". Ndiyo, sijaoa. Kiswahili kitupu kilichovaa nguo za Kiingereza, na tisa yaliyofuata hivyohivyo. Mama Tena hakatizi somo la mtu, ni kanuni yake nyingine, kwa hiyo alikaa tu na kalamu yake ikasimama hewani. Darasa zima likaimba "Yes, I'm not" kwa dakika ishirini, ndugu wa vitambaa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Aliyeinua mkono ni yule muuguzi. Akaomba ruhusa aseme kwa Kiswahili, akasema hospitalini kwao kuna daktari mgeni ambaye alimuuliza kama mgonjwa wa kitanda cha nne hajala tangu asubuhi. Mgonjwa alikuwa hajala, kwa kuwa alitakiwa kupasuliwa, na yeye muuguzi akajibu "Yes". Daktari akaelewa kwamba amekula, akaahirisha upasuaji, na mgonjwa akashinda njaa siku ya pili bure. Muuguzi akasema wamemweleza kwamba kosa ni hilo "Yes", na yeye amekuja darasani hapa kwa ajili ya neno hilo moja, sasa anafundishwa lilelile. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua tu ashike lipi.

Mpokezi aliitazama karatasi, akautazama ubao, kisha akanitazama mimi kule nyuma. Nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Akafuta ubao wote polepole, akawaambia kwamba mwalimu wao amekosea na wamsamehe, kisha akakaa chini, na kipindi kilikuwa kimebakiza dakika kumi na tano.

Kesho yake tukakaa kwa tathmini, wanane na Mama Tena, kwa Kiingereza. Aliinua ile karatasi, akasoma sahihi iliyo chini, akaniuliza taratibu kama mimi sikuliona kosa. Nami nikajibu "Yes". Chumba kizima kikaangua kicheko. Kwa masikio yao nilikuwa nimetumbukia shimo lilelile: nataka kusema ndiyo, sikuliona, na Kiswahili kimenitangulia mdomoni. Mama Tena alivua miwani, akasema mnaona, hata huyu mwenye miaka kumi na tisa ya kuandika, limo damuni. Akaniamuru niseme sawasawa, "No, I didn't", yaani hapana, sikuliona. Nikasema. "Again." Nikarudia. "Again." Mara ya tatu nililisema vizuri mno, akaitikia kwa kichwa.

Mwisho wa kikao alitangaza kwamba Mpokezi atarudia somo muhula ujao, na kwamba nafasi ni yangu. Alisema alikuwa na wasiwasi kwamba mimi ni mtu mgumu, lakini leo ameniona nimekosolewa mbele ya wenzangu na sikununa, nikarudia mpaka nikapatia, na mwalimu wa watu wazima ni yule anayejua kukosea. Hiyo ndiyo sababu ya kazi yangu, dada. Katika barua ya kwanza nilikuandikia kwamba ni uzoefu.

Nilipotoka koridoni Mpokezi alikuwa ananisubiri. Nilidhani amekuja kunipa vidonge vyangu, nikajikaza. Akanikumbatia. Akasema anajua nilijibu vile makusudi, kwamba mtu kama mimi hawezi kukosea neno dogo hivyo, nimejitia ujinga mbele ya wenzangu ili yeye asiaibike peke yake. Akasema hata mama yake mzazi asingemfanyia hivyo, na kwamba nafasi imeenda kwa anayestahili. Tangu siku hiyo kila tukikutana ananiamkia kwa moyo kuliko zamani, na juzi ameniletea kadi zake zote za picha, alizochora kwa mkono, ili nizitumie darasani kwangu.

Sasa swali lako. Uliandika: Mdogo wangu, na wewe uliyeitia sahihi karatasi ile, kosa lenyewe hukuliona?

Dada, nililiona. Niliona jibu la kwanza kabla sijamaliza swali la kwanza. Kalamu ya risasi ilikuwa mkononi, nikaweka nukta ndogo pembeni, kama nilivyokuwa nikifanya kwa barua za mabosi. Kisha nikakumbuka kile kifungo nilichokuwa nimekiokota. Nikaifuta nukta kwa kidole, na majibu tisa yaliyobaki nikayasoma kwa utulivu wa mtu anayesoma orodha ya washindi na kuona jina lake. Mpokezi aliniuliza, "Haina kosa, dada?" Nikamjibu ndiyo. Nilijichekesha moyoni kwamba kwa Kiingereza nimemwambia ukweli mtupu. Ndivyo nilivyokuwa siku ile, nakueleza kama nilivyokuwa.

Na lile "Yes" la kwenye tathmini sijui mpaka leo lilitoka wapi. Nilikuwa nimeuandaa uongo wangu, nao ulikuwa mfupi kabisa. Huenda ni Kiswahili kilichonitangulia, kama walivyodhani. Huenda ni kitu kingine ndani yangu kilichochoka. Ninachojua ni kwamba nilisema kweli mara moja tu katika jambo hili lote, watu wakacheka, kisha nikafundishwa kusema uongo kwa matamshi safi, mara tatu.

Usidhani wivu umekwisha kwa sababu nimeshinda. Umehama chumba tu. Zamani nilimwonea wivu kwa sauti na mwandiko, sasa namwonea kwa jinsi anavyoamini watu. Amefikiria kitu kizuri juu yangu ambacho mimi nisingemfikiria yeye hata kwa kulazimishwa. Kadi zake ziko mezani ninapoandika, zimefungwa kwa utepe wa nguo. Moja ni mwanamume mwenye masanduku kwenye mvua. Muuguzi naye aliniuliza jana ngazini kama ni mimi nitakayemfundisha, nikaitikia, na macho nikayapeleka kwa vioo.

Karatasi ya kukubali kazi iko chini ya kadi hizo. Inatakiwa Jumatatu. Sijaijaza, ila jina.

Nisalimie shemeji, na umwambie miwani aifunge kamba. Waambie wanao kwamba mama yao mdogo anawakumbuka, na yule wa mwisho aliyeniuliza Kiingereza cha konokono, nitamjibu. Goti lipake dawa bila uvivu. Usiniandikie kunituliza, niandikie kama ulivyoandika safari hii.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfundisha kusoma

Nami naandika chini ya sahihi, kama wewe. Jumatatu nitapanda ngazi kabla mafundi wa vioo hawajaanza, nimwite Mpokezi, nimwombe Mama Tena aniulize lile swali lake mara ya pili, kama mimi sikuliona kosa. Nitamjibu "Yes". Atadhani nimesahau tena, atavua miwani na kusema "Again". Nitarudia, na safari hii nitamalizia sentensi: "Yes, I did."